Uzi maalumu: Kupima tofauti ya weupe kati ya skrini za vishikwambi (njano, buluu, kijani, waridi)

#1 Kijivu128

Wakuu, swali la "skrini yangu ina unjano, je ni mbovu?" linarudi kila mara, na majibu mengi ni ya kukisia kutokana na picha iliyopigwa ovyo. Uzi huu ni wa kuweka utaratibu wa kulinganisha vishikwambi viwili, ili mtu akisema kimoja kimeelemea njano na kingine kijani awe na cha kuonyesha.

Skrini nyingi za sasa zinalenga weupe unaoitwa D65: x 0.3127, y 0.3290 (x na y ni namba mbili zinazoonyesha mahali pa rangi kwenye ramani ya rangi), yaani takribani Kelvini 6500. Hakuna paneli inayotua kwenye nukta hiyo barabara. Taa za LED za nyuma hupangwa kwa makundi huko kiwandani kwa sababu fosfa yake (poda inayogeuza buluu ya LED kuwa nyeupe) haitoki sawa, vichujio vya rangi havilingani kabisa, na modeli ileile inaweza kubeba paneli za watengenezaji wawili tofauti. Kwa hiyo kuwepo kwa tofauti si ajabu. Cha kujua ni ukubwa wake, na kama kweli inatoka kwenye paneli.

Anza kwa kuzima kila kinachogusa rangi. Kwenye iPad ni True Tone, Night Shift, mwangaza unaojirekebisha (umefichwa kwenye mipangilio ya ufikivu), chujio za rangi, na ile swichi ya kupunguza weupe. Kwenye Android ni Mwanga wa Usiku, hali ya kusoma, na rangi zinazofuata mazingira. Kisha weka hali ya rangi iwe moja pande zote: asilia kwa asilia. Hali ya rangi kali kwa kawaida huja na weupe wenye buluu zaidi, kwa hiyo ukilinganisha kali na asilia umepima menyu, hujapima paneli. Zima kuokoa chaji. Chomoa chaja zote mbili, maana joto hukusanyika upande mmoja na rangi husogea kidogo pale.

Protekta itoke. Kama haitoki, ziwe mbili za aina moja. Protekta za "kukinga macho" hula buluu na kuacha unjano unaoonekana wazi. Miwani yenye kichujio cha buluu ivuliwe kama unaweza kuona bila hiyo, na ya jua yenye polaroidi isitumike kabisa: ukigeuza kishikwambi robo duara rangi inabadilika, na wakati mwingine skrini inazima machoni.

Tengeneza mafaili manne ya PNG ya rangi moja: nyeupe 255,255,255, na kijivu cha 192, cha 128 na cha 64, thamani tatu sawa kila moja. Yafungue yajaze skrini nzima. Ukurasa wa wavuti haufai, kwa sababu paneli nyingi hubadilisha taa ya nyuma kufuatana na kilichomo kwenye picha, na pau za juu na chini zinavuta jicho.

Washa zote dakika 30, mwangaza karibu na nusu. Sasa sawazisha mwangaza, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Skrini iliyofifia kidogo ikikaa jirani na inayong'aa huonekana chafu na ya njano hata kama rangi zao ni sawa. Usifuate kitelezi, maana asilimia 50 ya hii si asilimia 50 ya ile. Finya macho mpaka maandishi yasomeke kwa shida, kisha rekebisha kitelezi kimoja hadi usijue ipi inang'aa zaidi. Ndipo uangalie rangi.

Chumba kiwe na mwanga hafifu, ukuta wa nyuma usiwe na rangi kali, na nguo uliyovaa iwe ya kijivu au nyeusi, kwa kuwa inaakisiwa kwenye kioo. Weka skrini ubavu kwa ubavu, ngazi moja, jicho likiwa katikati. Angalia sekunde chache tu, tazama pembeni kwenye kitu cha kijivu, rudi. Ukikodoa macho muda mrefu jicho huzoea na tofauti inayeyuka. Halafu zibadilishane nafasi, ya kushoto iende kulia. Unjano ukihama pamoja na kishikwambi, ni wake. Ukibaki kulia, ni wa chumba au wa pembe uliyokaa.

Rudia yote kwenye vijivu. Skrini mbili zinaweza kukubaliana kwenye 255 na kuachana vibaya kwenye 64.

#2 KiooSafi

Mkuu, kwa asiye na kishikwambi cha pili, haiwezekani kulinganisha na karatasi nyeupe ya kuchapia?

#3 Kijivu128

Unaweza, lakini utakuwa unapima taa yako. Karatasi haina weupe wake, inarudisha mwanga unaoipiga. Chini ya balbu ya Kelvini 2700 karatasi inakuwa ya machungwa na skrini yoyote nzima itaonekana ya buluu. Juu ya hapo, karatasi nyingi za ofisini zina kemikali ya kung'arisha inayogeuza urujuanimno kuwa mwanga wa buluu, kwa hiyo karibu na dirisha inaruka upande wa pili na skrini ileile inaanza kuonekana ya njano. Saa mbili tofauti, majibu mawili kinyume.

Ukiwa na kishikwambi kimoja, pima usawa ndani ya skrini yenyewe. Hilo halihitaji rejea ya nje.

#4 Mchapaji

Naongeza kwenye #1: kata kadi nyeusi isiyong'aa, toboa matundu mawili ya ukubwa mmoja, sentimita 3 kwa 3 yanatosha, kisha ilaze juu ya maungio ya skrini mbili ili kila tundu lionyeshe skrini moja. Fremu nyeupe na fremu nyeusi zinadanganya jicho kuliko watu wanavyodhani, na kadi inaziondoa zote. Matundu yakaribiane, nusu sentimita kati yao. Kadiri yanavyoachana ndivyo jicho linavyopoteza makali, maana linalinganisha kwa kumbukumbu badala ya kuona.

Kwa OLED (skrini ambayo kila pikseli inawaka yenyewe, bila taa ya nyuma) kadi inasaidia jambo la pili pia. Baadhi ya OLED hupunguza mwangaza skrini nzima ikiwa nyeupe. Badala ya kuijaza, weka mraba mweupe wa ukubwa mmoja katikati ya nyeusi pande zote mbili.

#5 Nusukivuli

Yote haya ya nini? Piga picha moja ya skrini zote mbili kwa simu, kila mtu ataona ipi ya njano.

#6 MpimaNuru

Picha ya simu iliyo kwenye otomatiki haithibitishi kitu. Simu inachagua yenyewe weupe ni upi, inanyanyua rangi, na kwenye simu nyingi sehemu moja ya picha inachakatwa tofauti na nyingine. Kuna picha ambazo tofauti ndogo kabisa inageuka machungwa na buluu, na nyingine tofauti halisi imefutwa.

Kamera inafaa ikifungwa. Tumia hali ya mikono, hata ya simu. Uwiano wa weupe uufunge kwenye namba moja, tuseme 6500, na ISO ndogo. Kasi ya shata iwe 1/30 au ya polepole zaidi, kwa sababu skrini nyingi hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima haraka, na ukipiga 1/500 utapata mistari yenye rangi. Kwa skrini ya Hz 60, 1/30 inabeba fremu mbili kamili. Hifadhi RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Fokasi iharibu kidogo ili wavu wa pikseli usizae michirizi ya rangi. Lenzi itazame skrini moja kwa moja, kamera ikae mbali kiasi cha mita moja, skrini zote mbili ziwe ndani ya fremu moja.

Mfiduo upunguze mpaka weupe usome karibu 190 kati ya 255. Chaneli (nyekundu, kijani au buluu) ikishagonga 255 imekatwa na haina habari tena. Hiki ndicho kinachoua picha nyingi zinazobandikwa mitandaoni. Kisha fungua faili kwenye programu ya picha, tumia kichagua rangi kikiwa kwenye wastani wa eneo pana, soma katikati ya kila skrini.

Mfano: skrini A inasoma 186,190,192 na B inasoma 192,190,181. Gawanya nyekundu kwa kijani na buluu kwa kijani. A ni 0.98 na 1.01, B ni 1.01 na 0.95. B ina nyekundu zaidi na buluu pungufu, basi imeelemea njano ukilinganisha na A. Usiseme B "ni ya njano" peke yake, kwa sababu kamera haijui D65 iko wapi. Badilisha nafasi, piga tena, chukua wastani wa picha mbili, maana pembe za lenzi hazipitishi mwanga sawa na katikati.

#7 PikseliMfu

Mimi nina namba za Kelvini kutoka kwenye kipimo cha rangi cha kuazima: zote mbili zinasoma karibu 6500. Lakini moja ni ya kijani kabisa, mtu yeyote anaiona. Kipimo kibovu?

#8 MpimaNuru

Kipimo kinaweza kuwa kizima. Kelvini inaeleza safari moja tu, kutoka machungwa hadi buluu. Upande wa kijani na waridi haiusemi hata kidogo. Chukua D65 yenyewe, 0.3127 na 0.3290, halafu chukua x 0.311, y 0.340. Hiyo ya pili nayo inatoka karibu 6500, lakini imekwenda kijani kiasi cha kuonekana na yeyote. Ndiyo maana tunaandika x na y, au tunageuza kwenda u' na v', ramani ambayo umbali unakaribiana zaidi na tofauti inayoonwa na jicho:

u' = 4x ÷ (−2x + 12y + 3)
v' = 9y ÷ (−2x + 12y + 3)

D65 inakuwa 0.1978 na 0.4683. Ile ya kijani inakuwa 0.1926 na 0.4738. Umbali kati yao, kwa kutoa, kupiga kipeo cha pili, kujumlisha na kutafuta kipeuo cha pili cha jumla, ni 0.0076.

Sasa linganisha na jozi ya kawaida ya dukani: A ni 0.313, 0.329 na B ni 0.305, 0.325. Kelvini zake ni kama 6490 na 6980, tofauti ya karibu 500 ambayo watu wanaitangaza kwa kelele. Umbali wake wa u'v' ni 0.0053 tu, pungufu ya jozi ambayo Kelvini ilisema ni sawa. Kelvini 500 juu ya 6500 si kitu kimoja na Kelvini 500 juu ya 3000. Gawanya milioni moja kwa kila namba utaona: 6500 hadi 7000 ni hatua 11, 3000 hadi 3500 ni hatua 48.

Kanuni yangu ya kukadiria, kwa umbali wa u'v': chini ya 0.002 achana nayo. Karibu 0.004 utaiona zikiwa ubavu kwa ubavu, na ukiziweka vyumba viwili huioni. Ikipita 0.008 hata skrini moja peke yake inaanza kusumbua, hasa kama imekwenda kijani. Jicho linavumilia njano na buluu kwa sababu mchana wenyewe unatembea kwenye mstari huo. Kijani na waridi halivisamehe.

#9 KiooSafi

Kipimo kinawekwaje kwenye kishikwambi ambacho hakina programu yake?

#10 MpimaNuru

Kipimo kinachomekwa kwenye kompyuta, kishikwambi kinaonyesha faili la PNG tu. ArgyllCMS ni programu ya bure ya kupimia rangi na ina amri ya spotread. Ukiiendesha kwa -e inasoma mwanga wa skrini, na kwa -x inakupa mwangaza pamoja na x na y. Laza kishikwambi mezani, kipimo juu yake katikati, uzito wake usibonyeze kioo. Funika na kitambaa cheusi. Zima skrini kujizima. Soma mara tatu, na kama usomaji wa tatu bado unatembea upande mmoja, hakijapata joto la kutosha.

Tahadhari kubwa: vipimo vyenye vichujio vya rangi vinahitaji faili la marekebisho la aina ya skrini. LED nyeupe ya kawaida, LED ya fosfa nyekundu ya wigo mpana, na OLED, kila moja ina faili lake. Ukisoma OLED kwa marekebisho ya LCD (skrini yenye taa ya nyuma), namba itatoka safi na ya uongo.

#11 Mchapaji

Na hata namba ikiwa sahihi, bado kuna mtego. Skrini mbili zikiwa na x na y zinazofanana kabisa zinaweza kuonekana tofauti kama zinatengeneza weupe kwa njia tofauti. Kwenye wigo wa mwanga wake, OLED ina vilele vyembamba vya nyekundu, kijani na buluu. LCD ya kawaida ina kilele kimoja cha buluu na mgongo mpana wa njano. Hesabu ya x na y inatokana na mtazamaji sanifu wa mwaka 1931 (jicho la wastani lililowekwa kama kigezo), na macho ya watu hayalingani naye. Lenzi ya jicho huwa na unjano kadiri umri unavyokwenda na kupitisha buluu kidogo, hivyo watu wawili wa umri tofauti wanaweza kubishana mbele ya skrini zilezile na wote wakawa wanasema wanachokiona kweli.

Kwa hiyo kulinganisha OLED na LCD, namba ni mwanzo na jicho linamalizia. Kulinganisha vishikwambi viwili vya modeli moja, amini namba.

#12 Nusukivuli

Sawa. Ila changu shida si weupe wote. Upande wa kushoto umeelemea njano, wa kulia ni safi.

#13 Kijivu128

Hicho ni kibaya zaidi kuliko skrini nzima kuwa ya njano. Jicho huzoea weupe wowote ulioenea sawasawa baada ya dakika chache, lakini mteremko wa rangi kutoka ukingo hadi ukingo halizoei, kwa sababu rejea imekaa palepale.

Hakikisha kwanza si pembe. Skrini ya inchi 12.9 ikiwa mlalo na jicho likiwa sentimita 30, ukingo unautazama kwa nyuzi kama 24. Ukirudi hadi sentimita 60 zinabaki 12. Weka kijivu cha 128, simama sentimita 60, kisha geuza kishikwambi juu chini. Unjano ukihamia kulia ni wa paneli. Ukibaki kushoto kwako, ni taa ya chumba au ulivyokaa.

Kwa LCD sababu ya kawaida ni taa za LED kupangwa ukingo mmoja. Mwanga unasafiri ndani ya bamba la plastiki na buluu inapotea njiani kuliko nyekundu, hivyo upande wa mbali na taa unaelemea njano. Madoa madogo ya duara karibu na ukingo ni kitu kingine: mara nyingi kitu kimebana paneli kwa nyuma, na doa likikua wiki hadi wiki, angalia betri kama haijavimba kabla ya kuendelea kubishana kuhusu rangi.

#14 PikseliMfu

Na OLED ikiwa safi kwenye nyeupe lakini kijivu cha gizani kina mabaka ya waridi na kijani?

#15 MpimaNuru

Kila pikseli ya OLED inawaka yenyewe, na kwenye mkondo mdogo wa umeme tofauti ndogo za transista zinageuka rangi. Pima kwenye kijivu cha 64 na cha 20, mwangaza wa chini kabisa, chumba cheusi. Kiasi fulani kipo kwenye karibu kila OLED; cha kukataa ni kile kinachoonekana ukiwa unasoma maandishi kwenye mandhari meusi, si kile kinachohitaji giza totoro ili kionekane. Ukiinamisha na ikabadilika kuwa ya kijani au buluu, hiyo ni tabia ya tabaka zake, linganisha kwa pembe moja tu.

Ukilinganisha OLED mpya na iliyotumika, kumbuka pikseli za buluu huchakaa mapema kuliko nyingine.

#16 KiooSafi

Inarekebishika bila kubadilisha kishikwambi?

#17 Mchapaji

Ya skrini nzima, ndiyo. Vishikwambi kadhaa vya Android, vikiwemo vya Samsung, vina vitelezi vya nyekundu, kijani na buluu ndani ya hali ya rangi kali. Punguza chaneli iliyozidi, usiongeze iliyopungua, maana nyingine zimeshafika juu. Skrini ikiwa ya kijani, shusha kijani hatua moja, subiri macho yatulie, linganisha tena. Kila unachoshusha kinakula mwangaza, kwa hiyo rudia kusawazisha mwangaza kabla ya kutoa hukumu.

Kwenye iPad kuna chujio za rangi kwenye ufikivu, chaguo la kutia rangi, lenye vitelezi viwili vya rangi na nguvu. Nguvu iwe ndogo sana. Chujio inagusa rangi zote, si weupe peke yake, kwa hiyo kwa mtu anayehariri picha ni tiba mbaya kuliko ugonjwa. iPad Pro zenye skrini ya XDR zina hali ya rejea inayozima True Tone na mengineyo, na hiyo ni njia safi zaidi.

Mteremko wa upande kwa upande hauna kitelezi. Hiyo ni ya kurudisha.

#18 Nusukivuli

Kabla ya kurudisha, nitajuaje si mawazo yangu tu?

#19 Kijivu128

Mtu mwingine ashike skrini nyuma ya kadi, akuonyeshe moja kwa wakati, apange kwa kurusha sarafu, wewe useme ni ipi. Mara 10. Mwangaza uwe umeshasawazishwa, la sivyo utaitambua kwa mwanga. Ukipatia 9 au 10, bahati peke yake ingekupa hivyo kama mara 11 kwa kila 1024. Ukipatia 6, usirudishe.